Nimemaliza mkopo wa gari baada ya kufilisika, alama za krediti zimeshuka 38. Nani anaelewa hii hesabu?

#1 Kaka wa Garland
Wakuu, salaam. Niko Texas mwaka wa kumi na moja sasa. Mei 2022 nilifungua shauri la kufilisika, Chapta 7, na Septemba mwaka huohuo nikafutiwa madeni. Yalikuwa dola 31,000 na ushee: kadi nne, bili ya hospitali mke wangu alipopasuliwa kidole tumbo, na mkopo niliouchukua kumalizia nyumba ya mzee Moshi. Sijitetei, nilikopa mwenyewe kwa mkono wangu.

Tangu hapo naanza upya. Kadi ya dhamana, ile unayoweka pesa yako kwanza, ya dola 200, baadaye wakanipandishia kikomo hadi 500. Juni 2023 nikachukua Corolla ya 2014 kwa riba ya 21.9%. Najua ni kuchinjwa mchana kweupe, lakini Garland hakuna daladala wala bodaboda, na zamu yangu inaanza saa kumi alfajiri. Sijachelewa kulipa hata siku moja. Alama, zile namba wakopeshaji wanazokupimia, zikatoka 520 hadi 672. Mwezi uliopita nikapata zamu za ziada, nikalimaliza deni la gari lote, dola 2,860 kwa mkupuo. Hati ya gari ikaja kwa posta, nikaipiga picha nikamtumia mzee. Wiki tatu baadaye nafungua simu nakuta 634.

Yaani nimekatwa alama 38 kwa kosa la kulipa deni. Ile miaka miwili ya kusubiri FHA, mikopo ya nyumba yenye bima ya serikali, baada ya kufutiwa madeni imeshapita, na nilitaka mwaka huu niombe mkopo wa nyumba. Mwenye kuelewa anieleweshe.

#2 Mtoto wa Pangani
Naweka kambi hapa. Ngoja waje wajuzi.

#3 Nesi wa Usiku
Pole mkuu, yalinikuta na mimi 2019. Ulikuwa na aina mbili za deni: kadi, na mkopo wa awamu, yaani gari. Ulipolimaliza gari, huna tena mkopo wa awamu ulio hai. FICO, kampuni inayotengeneza hizo alama, wanagawa hivi: 35% ni unavyolipa, 30% ni kiasi unachodaiwa ukilinganisha na vikomo vyako, 15% umri wa akaunti, 10% akaunti mpya, na 10% mchanganyiko wa aina za madeni. Wewe umeguswa hapo mwisho. Mimi nilishuka 24, zikarudi zenyewe baada ya miezi kama mitano. Usifanye kitu.

#4 Mwalimu Hesabu
Nesi, hiyo 10% ya mchanganyiko sidhani inaweza kubeba alama 38 peke yake. Kaka, nijibu mawili.

La kwanza: mwezi uliomaliza gari, kadi ilikuwa na deni gani siku ya kufunga taarifa? Siulizi siku ya mwisho ya kulipa, nauliza siku taarifa ya mwezi ilipofungwa. Kwa kawaida benki inapeleka kwa yale mashirika matatu ya taarifa za mikopo, Equifax, Experian na TransUnion, ile namba iliyokutwa siku hiyo. Mtu anafungiwa hesabu tarehe 1, analipa yote tarehe 25, anajiona hana deni, kumbe ripoti inasema amekopa mpaka shingoni. Kikomo chako 500. Ukijaza mafuta mara nne na kununua tairi moja umeshapita nusu.

La pili: hiyo 672 na hiyo 634 umeziona kwenye programu moja?

#5 Mkamba wa Minnesota
Hilo la pili ndilo lenyewe. Programu nyingi za bure zinaonyesha VantageScore, alama za kampuni nyingine, na wakopeshaji wengi wanaangalia FICO. Zote zinatoka 300 hadi 850, kwa hivyo mtu anadhani ni kitu kimoja. Halafu wa magari wana FICO yao inayotoka 250 hadi 900, na wa nyumba wamezoea matoleo ya zamani. Mimi siku moja nilikuwa na 701 kwa simu, 655 kwa benki, na jamaa wa magari akaniambia 640 huku akinimiminia kahawa. Nikainywa kahawa yake, nikaenda zangu.

#6 Kaka wa Garland
Asanteni. Mwalimu, kadi ilifunga na dola 41, mwezi wa kabla yake 38. Taarifa zote mbili ziko hapa mezani, nazisoma kwa tochi ya simu maana balbu ya jikoni imeungua. Kadi yenyewe huwa nalipia bili ya simu tu, halafu inarudi kulala ndani ya kopo la majani ya chai. Mkamba, programu ni ileile ya benki yangu, na chini kabisa kwa herufi za siafu wameandika FICO 8.

Kwa hiyo maelezo yenu yote mawili yameanguka.

#7 Mzee wa Chapta
Vijana hamjambo. Mimi nilifilisika 2011, faili langu limeshafutika kwenye ripoti, kwa hiyo nayasema haya nikiwa ng'ambo ya mto.

FICO hawampimi kila mtu kwa mizani moja. Wamewagawa watu kwa makundi, na sisi tuliofilisika tuna kundi letu. Ukiwa humo unalinganishwa na mufilisi wenzako, unaweza kung'ara. Rekodi zako zikibadilika ukasogezwa kundi jingine, unaanza kupimwa na watu safi, unaonekana mchafu na hujafanya lolote. Ni kama mtoto aliyekuwa wa kwanza shule ya kata, siku anahamishiwa Ilboru anakuwa wa arobaini. Akili ni ileile.

#8 Mwalimu Hesabu
Makundi yapo, mzee, hilo FICO wenyewe hawalifichi. Lakini Chapta 7 inakaa miaka 10 tangu siku ya kufungua shauri. Ya Kaka itaonekana mpaka Mei 2032. Bado ni mufilisi kwenye ripoti, amehamishwaje?

#9 Mzee wa Chapta
Nimekwambia rekodi zikibadilika, sijasema faili limetoka. Mkopo uliokuwa wazi umefungwa, hiyo si rekodi imebadilika? Tena usinifundishe kufilisika, nimekaa mbele ya mfilisi, yule msimamizi wa shauri, wewe ukiwa unapaka rangi ramani ya Afrika.

#10 Mtoto wa Pangani
Moto umewaka. Nakaanga mihogo, endeleeni.

#11 Dada Kizimkazi
Samahanini natoka nje ya mada kidogo. Mie mume wangu madeni yamemfika hapa, wakili kamwambia afungue hiyo Chapta 7 na yeye hataki. Anaogopa kusimamishwa kizimbani, na karatasi zetu za uraia ziko njiani. Kaka uliyepitia, hebu nambie huko mahakamani kunakuwaje. Na nimesikia Chapta 13 inafutika kwenye ripoti baada ya miaka 7, si bora hiyo?

#12 Kaka wa Garland
Dada, hakuna kizimba. Kwanza unafanya darasa la ushauri wa madeni kwenye intaneti, ndipo shauri linafunguliwa. Ada ya mahakama ni dola 338, ya wakili ni mbali. Baadaye kuna mkutano na mfilisi, wanauita mkutano wa 341, na wangu ulikuwa kwa simu ya video. Nilivaa koti la suti juu, chini bukta. Tulikuwa watu kumi na wawili tunasubiri zamu, mama mmoja alijibia jikoni kwake, kifuniko cha sufuria kinagonga mpaka mfilisi akamwomba azime jiko.

Zamu yangu ilipofika akaniapisha, akataka nioneshe kitambulisho na kadi ya hifadhi ya jamii mbele ya kamera. Mkono ulikuwa unatetemeka, kamera ikawa haisomi. Akaniambia taratibu, "Weka kwenye kidevu." Nikaweka. Halafu likaja swali: una mali yoyote nje ya Marekani? Hapo nikaiona nyumba ya mzee nzima nzima, mpaka rangi ya geti. Kiwanja na nyumba ni jina la mzee, na wakili alikuwa ameshaorodhesha hela zote nilizotuma, lakini bado ulimi ulikuwa mzito. Nikasema kila kitu. Akaandika, akauliza gari nililokuwa nalo lina thamani gani, akashukuru. Dakika saba.

Baada ya hapo kuna darasa la pili, la kusimamia fedha. Hilo msilisahau, bila cheti chake hufutiwi.

#13 Mkamba wa Minnesota
Dada, kuhusu 7 na 10. Sheria yenyewe inaruhusu miaka 10 kwa shauri lolote la kufilisika. Ni yale mashirika ya taarifa za mikopo yaliyozoea kuiondoa Chapta 13 baada ya 7. Lakini Chapta 13 unalipa kwa mpango wa miaka 3 hadi 5, si kufutiwa tu. Ukihesabu hivyo, nafuu iko wapi?

Uraia: kufilisika kwenyewe si kizuizi. Kuficha mali au kudanganya chini ya kiapo, hiyo ni kesi nyingine kabisa. Na msidhani kila deni linafutika. Matunzo ya watoto hayaguswi, kodi za karibuni pia, na mkopo wa chuo ni kwa shida sana.

#14 Dada Kizimkazi
Ahsanteni, nimemsomea, kacheka hiyo ya bukta. La mwisho: hiyo kadi ya kuanzia upya, si riba hiyo? Sisi tunajitahidi kukaa mbali nayo.

#15 Nesi wa Usiku
Kadi ya dhamana unaweka pesa yako, tuseme dola 200, wanakupa kikomo cha 200. Ukilipa deni lote la kwenye taarifa kabla ya siku ya mwisho, kwa manunuzi ya kawaida hulipi riba hata senti. Sheria inawataka wakutumie taarifa angalau siku 21 kabla, muda unatosha. Usitoe fedha taslimu kwa kadi hiyo tu, hapo riba inaanza palepale.

#16 Mtoto wa Pangani
Nesi, hulipi ila umetia saini mkataba unaosema ukichelewa utalipa. Wapo masheikh wanaolitazama hilo sharti lenyewe. Wengine wanaruhusu kwa dharura. Amuulize anayemwamini, tusigeuze uzi kuwa darasa la fikihi.

#17 Muntu wa Bukavu
Jambo wote. Mimi niko Louisville, nilikuja kama mkimbizi. Tulifika na deni kabla hata ya kununua shati: tiketi za ndege za watu sita. Huo mkopo wa IOM, shirika la uhamiaji la Umoja wa Mataifa, hauna riba, unaanza kulipa miezi sita baada ya kufika, na malipo yanaandikwa kwenye ripoti ya krediti. Sisi wengi hatukujua. Mujomba wangu aliitupa ile barua kwenye kikapo, alisema serikali ya Amerika ndiyo ilitualika, mgeni halipishwi chakula. Miaka miwili baadaye anataka kupanga nyumba, wanamwonyesha karatasi. Dada, kama mume wako ana mkopo wa namna ile na anaulipa vizuri, asiuache. Ni mkopo wa awamu bila riba.

#18 Nesi wa Usiku
Hii ya Bukavu ni dhahabu. Na kwa wasiotaka riba: kule San Francisco kuna shirika linaitwa Mission Asset Fund, lilianzishwa 2007, wanasimamia upatu. Upatu huuhuu wa kwetu, watu kumi wanachanga, kila mwezi mmoja anapokea. Tofauti ni kwamba mnasaini karatasi, na kila mchango unapelekwa kwenye mashirika ya krediti kama malipo ya mkopo, bila riba. California walipitisha sheria 2014 kuutambua.

#19 Mkamba wa Minnesota
Na mimi nimecheza chama miaka minane, sijakosa mwezi, na hakuna aliyeniandikia hata alama moja. Mweka hazina wetu anaandika kwa daftari la shule, tena kwa penseli.

#20 Fundi Bomba
Kabla hamjamaliza, jihadharini na wasafisha krediti. Kuna kijana kwenye jumuiya yetu, sitamtaja wala mji sitaji, alinichukulia dola 900 akisema ana mtu ndani na kufilisika kutafutika siku 45. Akanipa namba ya tarakimu tisa, ati nitumie hiyo badala ya namba yangu ya hifadhi ya jamii nikiomba mkopo. Nikaikaribia kweli. Mke wangu ndiye aliuliza, "Na hiyo namba ni ya nani?" Nilipompigia kumuuliza, akasema maswali mengi yanaharibu baraka.

#21 Mzee wa Chapta
Shukuru huyo mke. Hiyo ni jinai na ungefungwa wewe, si yeye. Kuna sheria ya 1996 inayowakataza wasafisha krediti kudai hela kabla ya kazi kufanyika. Na kitu cha kweli kwenye ripoti hakiondolewi na mtu yeyote mpaka muda wake ufike. Cha uongo unakipinga mwenyewe, bure, na kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza.

Kaka, umeshachukua ripoti zako? Zote tatu? Ziko bure AnnualCreditReport.com, hata kila wiki. Tafuta madeni yaliyofutwa. Yanatakiwa yaonyeshe sifuri na kwamba yaliingia kwenye kufilisika. Naweka dola moja kwamba kuna mmoja bado anakudai kwenye karatasi.

#22 Kaka wa Garland
Mzee una macho. Nimekaa na ripoti tatu tangu saa mbili. Kadi moja ya duka, iliyofutwa 2022, kwenye Equifax inaonyesha bado nadaiwa 1,140. Nimeruka kwenye kiti, mke wangu akadhani Yanga wamefunga.

Ila sasa sikilizeni. Alama ya benki yangu inatoka TransUnion. Na TransUnion kadi hiyohiyo ni sifuri, imeandikwa vizuri kabisa. Kwa hiyo kosa ni la kweli, nitalipinga, lakini 38 zangu hazikwenda huko.

#23 Mwalimu Hesabu
Safi, angalau kimepatikana kitu. Tazama na sehemu ya wakopeshaji waliochungulia ripoti yako, hilo nalo hushusha alama. Kuna jina lolote la miezi hii miwili?

#24 Kaka wa Garland
Aisee. Wawili. Nilienda kwa dalali wa mikopo ya nyumba akasema "tuone tu umesimama wapi", halafu mke akanipeleka kwa wa pili.

#25 Mtoto wa Pangani
Mkuu ulikuwa umelificha hilo tangu posti ya kwanza! Tumepigana hapa kurasa mbili.

#26 Mwalimu Hesabu
Basi changanya: mkopo umefungwa, na kuchunguliwa mara mbili. Jibu hilo hapo.

#27 Mkamba wa Minnesota
Pole pole mwalimu. Wa nyumba wakikuchungulia ndani ya siku 45, FICO 8 wanahesabu kama mara moja, matoleo ya zamani siku 14. Na yale ya siku 30 za karibuni hata hayaguswi kwanza. Kuchunguliwa huwa ni alama chache. Bado una thelathini za kutafutia baba.

#28 Mzee wa Chapta
Kundi.

#29 Mwalimu Hesabu
Mzee!

#30 Fundi Bomba
Mnavyoteseka na alama, mimi nakumbuka nyumbani. Kausha damu hawana alama, wanakuja na bajaji wanabeba friji lako, na majirani wanasaidia kuinua.

#31 Mkamba wa Minnesota
Kwetu Kenya kuna CRB, yaani wanaoweka taarifa za mikopo, na kuna kampuni tatu, mojawapo ni TransUnion hiyohiyo inayomtesa Kaka. Zamani mtu alikuwa anaandikwa kwa deni la shilingi 200 la simu. Aprili 2020 Benki Kuu ikasema chini ya 1,000 usimwandike mtu. Lakini ukiandikwa, hata ukilipa, ile historia inakaa miaka mitano. Na kufilisika rasmi kupo, Sheria ya Ufilisi ya 2015, kwa kawaida unaachiwa baada ya miaka mitatu. Mimi simjui hata mmoja aliyeitumia. Kwetu mtu akilemewa anabadilisha laini ya simu.

#32 Nesi wa Usiku
Na Bongo anahamia Kahama 😂

Kaka, turudi kwako. Usiende kuchukua mkopo mwingine ili tu alama zipande, nakuona kwa mbali. Tulia miezi mitano.

#33 Mzee wa Chapta
Hapo tunakubaliana na Nesi. Na muulize dalali anatumia alama ipi. FHA hawakukatai kwa 634. Mikopo ya kawaida isiyo ya FHA ndiyo inataka miaka minne baada ya kufutiwa, hesabu tangu Septemba 2022.

#34 Kaka wa Garland
Nimerudi, wiki saba baadaye. Niliipinga ile 1,140 Equifax nikaambatanisha amri ya mahakama. Siku ya ishirini na sita wakarekebisha, sasa ni sifuri. TransUnion sikugusa kitu, imejipandia yenyewe hadi 649. Kadi ilifunga na dola 44. Sijui nimpe nani ushindi.

Mke anataka tuchukue mkopo mdogo wa kujenga krediti kwenye SACCOS ya hapa mtaani: dola 500 wanazifungia, unalipa mwaka mzima, mwisho wanakukabidhi. Mimi nasita. Dalali naye anapiga kila Jumatatu.

#35 Mwalimu Hesabu
649 ni kuchunguliwa kunapoa.

#36 Nesi wa Usiku
Ni mchanganyiko, nilisema miezi mitano, huyu bado hajafika hata nusu. Muache.

#37 Mzee wa Chapta
Mnalijua jibu langu.

#38 Dada Kizimkazi
Kaka, mume wangu kaitwa kwenye mkutano wa video jana. Kavaa kanzu mpya na kofia ya kiua, na viatu kavaa, ndani ya nyumba, kwenye zulia langu. Dakika tano. Mfilisi kamuuliza mali nje ya Marekani, kasema ana minazi kumi na mitatu ya urithi na ndugu zake sita. Tukasikia kimya, halafu akaulizwa minazi ni nini. Wakili sasa anatafuta bei.